Aliyesema Tatu

Gari la ofisi ya maji liliwashusha pale barabara inapokufa saa kumi na moja jioni, badala ya saa nane mchana, kwa sababu gurudumu lilipasuka njiani na dereva alikuwa ameiacha jeki kwa shemeji yake. Aliomba radhi, akageuza gari, akaondoka upesi kabla hajaombwa kubaki. Wakabaki watu watatu na mizigo yao. Mbele yao ilikuwa tambarare ya nyasi ngumu na matope meusi, na mwisho wa tambarare, mbali, ukanda mwembamba wa maji uliokuwa unang'aa. Hilo ndilo lilikuwa ziwa, na ukingoni mwake kilikuwepo kibanda kimoja cha mabati walichokuwa wanakwenda kulala.

Aliyetangulia alikuwa kiongozi wa njia, mwanamume wa miaka arobaini hivi, aliyeitwa Fimbo kwa sababu ya ule mti mrefu aliotumia kuchoma ardhi kabla ya kuikanyaga. Siku hiyo jino lilikuwa linamuuma, akawa anatafuna karafuu na kuwajibu watu kwa kuguna. Aliyemfuata ni mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Mpimaji. Kila mwezi alikuja kusoma kina cha ziwa kwenye ubao uliosimikwa majini, na safari hii alibeba betri mpya mgongoni, maana chombo cha kipimo kilichoko kibandani kilikuwa kimekaa kimya siku nne. Wa mwisho alikuwa mdogo wake, tumbo moja, Chiriku.

Jina hilo la utani alipewa na mama yao kabla hajatimiza miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama aliapa kwamba aliongea hata usingizini, ila usingizini alikuwa na adabu zaidi. Kitu pekee kilichoweza kumnyamazisha ni ndege. Ndiyo maana Mpimaji alimbembeleza bosi wa ofisi mpaka mdogo wake akapata kibarua cha miezi mitatu, kuhesabu ndege wa ziwa jioni wanaporudi kulala na alfajiri wanapoondoka. Hesabu ya safari hii ndiyo ingeamua kama anaajiriwa au la. Ikikosekana, bosi alishasema, nafasi ingekwenda kwa mpwa wake, kijana asiyejua kutofautisha bata na buti.

Kabla hawajaingia matopeni, Fimbo aliwapanga mstari na kuwagawia namba, kama alivyowapanga wote wanaovuka. Yeye moja, Mpimaji mbili, Chiriku tatu. Kila baada ya hatua mia angesema namba yake, wa nyuma yake aseme yake, na wa mwisho aseme yake. Hesabu ikikatika, wote wanasimama, kwa sababu aliyenyamaza huenda ameshazama mpaka kiunoni, na matope yale hayampi mtu muda; na aliyeachwa nyuma hatangitangi, anatulia pale pale alipo mpaka afuatwe. Mpimaji alikuwa ameshazoea utaratibu huo. Chiriku alikuwa mgeni nao, akauliza: akibanwa na kikohozi je, aseme nini?

"Kohoa, kisha sema tatu," Fimbo akamjibu. "Na namba ya mtu haisemwi na mwingine. Hata kwa utani. Tumeelewana?"

Wakasema wameelewa.

Mwendo ulianza vizuri. Walikanyaga kwenye mafungu ya nyasi, kila mmoja akiweka mguu pale mwenzake alipoutoa, na pande zote vyura walikuwa wanalia kana kwamba wanagombea urithi. Chiriku alisimulia habari za dereva, akahamia kwenye meno ya Fimbo, akashauri dawa tatu tofauti ambazo hakuna aliyeziomba. Korongo wakapita juu, akawahesabu. Bata wakapita, akawahesabu. Kisha buti lake likanasa, wakasimama kulivuta, na Fimbo akalitazama jua. Alisema kwamba wakisimama tena mara moja tu, atawageuza warudi wakalale barabarani, kwa sababu yeye si chura wa kuvuka matope gizani.

Mpimaji alijua hatanii.

Walipokuwa wamekivuka kijito kinachoingia ziwani, Mpimaji aligundua kwamba nyuma yake kumekuwa kimya. Akageuza shingo. Chiriku alikuwa amechuchumaa hatua thelathini nyuma, upande wa pili wa kijito, mkono mmoja ameuinua kuomba subira kidogo. Mbele yake, juu ya gogo, fisi maji alikuwa anatafuna samaki, masharubu yanadondosha maji, wala hana habari na mtu.

"Moja," Fimbo akasema huko mbele.

"Mbili," akasema Mpimaji.

Kimya.

Fimbo akapunguza mwendo. Mti wake ukabaki hewani. Mpimaji akafikiria kile kibarua, akamfikiria mpwa wa bosi, akafikiria safari nzima kugeuzwa kwa sababu ya fisi maji mmoja. Tangu utotoni alikuwa akimfichia mdogo wake makosa, na alishafanya hivyo mara nyingi hata ulimi haukungoja ruhusa. Akabana sauti kidogo, akaifanya nyembamba.

"Tatu."

Fimbo akaendelea kutembea.

Mpimaji alimpungia mdogo wake mkono amfuate haraka, akamwona akisimama na kujifuta magoti. Akageuka kutazama anapokanyaga. Hapo ndipo ukungu ulipotoka ziwani. Haukuja kwa madaha. Ulikuja chini chini, ukifuata maji, na alipoinua tena macho hapakuwa na kijito, hapakuwa na Chiriku. Palikuwa na mgongo wa Fimbo tu, na harufu ya karafuu.

Alitaka kumwambia Fimbo asimame. Lakini angesemaje? Kwamba amedanganya? Akajiambia mtoto yuko hatua kumi nyuma, miguu yake mirefu, atawafikia. Akahesabu hatua zake kimoyomoyo mpaka mia, roho juu.

"Moja."

"Mbili."

"Tatu," ikasema sauti ya Chiriku nyuma yake.

Mpimaji akashusha pumzi. Alitaka kucheka. Akasema bila kugeuka kwamba siku moja huyo fisi maji atawaua, na kwamba wakifika kibandani atamvuta mtu masikio. Alingoja majibu, maana Chiriku hakuwahi kuacha maneno ya aina hiyo yapite bila kulipwa. Hakujibiwa. Amechoka, akawaza. Au amenuna.

Hatua mia nyingine.

"Moja."

"Mbili."

"Tatu."

Mara hii neno lilikuja upesi mno. Namba yake mwenyewe hata haijatoka vizuri mdomoni. Na lilitoka karibu, karibu kuliko mtu anavyopaswa kutembea kwenye mstari ule. Mpimaji akaanza kusikiliza. Matope yana sauti yake, buti likiingia na buti likitoka, na ukizoea unaweza kuhesabu watu kwa masikio. Akasikia miguu ya Fimbo. Akasikia ya kwake.

Basi.

Halafu vyura. Mbele walikuwa wanalia, wananyamaza Fimbo anapowapita, kisha huanza tena nyuma ya mtu wa mwisho, ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sasa hawakuanza tena. Nyuma yake kote kulikuwa kimya, kimya kinachowafuata hatua kwa hatua. Na harufu... maji ya mtungi uliosahaulika, na manyoya yaliyolowa.

Akapiga moyo konde, akageuka.

Alikuwa pale. Koti lile lile la mvua, kofia imevutwa mbele, kichwa kimeinama kutazama pa kukanyaga. Ukungu ulimfunika uso. Mpimaji akajiona mjinga, akageukia mbele. Lakini shaka ikishaingia huwa haitoki kwa kuangaliwa mara moja, akajikuta ananong'ona.

"Yule fisi maji alikuwa na nini mdomoni?"

Hatua nne. Hatua tano.

"Tatu," ikasema sauti ya mdogo wake.

Wala haikuwa zamu ya kuhesabu.

Mti wa Fimbo ukasimama hewani. Hakugeuka, wala hakuuliza kitu. Alikaza mwendo tu, na tangu hapo hakusema tena moja, na Mpimaji hakuthubutu kusema mbili. Walitembea hivyo mpaka bati la kibanda likawatokea ghafla usoni. Fimbo akasukuma mlango kwa bega, akaingia, akawasha taa iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari. Mpimaji akapanda ngazi ya mbao, akasimama kizingitini, akatazama nyuma.

Ile sura ya koti la mvua ilisimama pale mwanga wa taa unapoishia. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye pindo la koti. Na kabla Mpimaji hajapata la kusema, kutoka mbali kabisa, kule walikotoka, sauti ikaja ikikatikakatika ndani ya ukungu.

"Dada... jamani, mbona hamnisubiri? Buti limejaa maji, na nyinyi mnakwenda tu kama mnafukuzwa... Dada?"

Aliyekuwa kwenye mwanga akainua kichwa. Alikuwa Chiriku. Pua ile, nyusi zile zilizokutana katikati, midomo inatetemeka kwa baridi.

"Dada, nipishe niingie," alinong'ona. "Hicho kinaniiga tangu kijitoni."

Fimbo akamvuta Mpimaji ndani kwa mkono wa koti. Akatema karafuu kwenye kiganja. Aliuliza kwa sauti ya chini sana nani alisema tatu pale kijitoni, maana yeye alidhani amesikia vibaya. Mpimaji alitazama mlangoni. Angeweza kudanganya tena, lakini uongo ule wa kwanza ulikuwa umesimama mlangoni unachuruzika maji.

"Mimi," akasema.

Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha Mpimaji zaidi. Alimweleza kwa maneno machache kwamba ndani ya yale matope kuna watu waliozama bila kuhesabiwa na mtu, na idadi yao haijulikani. Hawana baya la kumfanyia anayepita. Wanafuata nyuma tu, wakingoja namba isiyokuwa na mwenyewe. Namba ikisemwa na asiye mwenyewe imetupwa, na kilichotupwa huokotwa. Sasa kuna wawili na namba ni moja.

"Uliyeitupa ndiye wa kuirudisha," alisema. "Mtazame unayemtaka, useme tatu. Mmoja tu."

"Kwani ni yupi?"

"Mimi sikulelewa naye."

Mpimaji akarudi kizingitini. Akawasha tochi, ukungu ukamrudishia mwanga wake machoni. Akauliza kwa sauti ya kusikika mbali, mama alisema nini asubuhi walipokuwa wanaaga.

"Alisema nisikuache upande wa maji," akajibu wa karibu, pale pale, bila kusitasita. Na ni kweli, ndivyo mama alivyosema.

Wa mbali hakujibu swali. "Nini? Sikusikii, sauti yako inapotea... njoo basi na tochi. Halafu kuna ndege huku, dada, sijawahi kumwona, ana shingo nyekundu..."

Mpimaji alisimama katikati ya sauti hizo mbili na moyo wake ukawa unakwenda mbio huku na huku. Wa karibu amejibu sawasawa. Lakini tangu lini Chiriku akaulizwa swali akalijibu sawasawa? Wa mbali amesema upuuzi, kama kawaida yake. Lakini kama kuna kitu kinataka kumtoa mtu kwenye ngazi mpaka matopeni, si ndivyo kingesema? Njoo na tochi. Njoo huku. Wa karibu akanyoosha mkono, akamshika. Ulikuwa wa baridi, lakini nani hakuwa na baridi? Kucha zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama, kama alivyozitafuna tangu darasa la pili. Mkono huu angeweza kuushika. Ule mwingine ilibidi aufuate gizani, kwenye ardhi isiyokuwa na mwisho.

Alichagua kwa woga, na alijua wakati ule ule kwamba anachagua kwa woga.

"Tatu," akasema, akimtazama usoni.

Akaingia. Fimbo akafunga mlango na kusukuma komeo.

Huko nje sauti ikaendelea. Ilimlaumu dereva, ikalilaumu buti, ikacheka kidogo peke yake, ikaomba tena tochi. Mpimaji alikaa chini karibu na chombo cha kipimo akafungua betri ya zamani, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akafunga mpya. Kioo cha chombo kikawaka na kuonyesha saa moja na dakika tano. Chiriku alikuwa amekaa pembeni ya ukuta, mikono magotini, anautazama mlango.

"Dada," ikasema ile sauti ya nje, sasa imepanda kidogo, "hebu sub..."

Ikakatika.

Vyura wakaanza kulia, ziwa zima.

Alfajiri ukungu haukuwepo. Ziwa lilikuwa limetulia na milima imelala ndani yake kichwa chini, na mnandi walikuwa wamepanga mstari kwenye ubao wa kipimo wakianika mbawa. Mpimaji alisoma kina cha maji akakiandika. Chiriku alisimama dirishani akahesabu ndege. Alitoa idadi kwa kila aina bila kurudia, bila kusema huyu mzuri, huyu mnene, huyu anafanana na bosi. Alipotoka nje kunawa uso, mnandi wakaruka wote kwa pamoja.

Fimbo alimwambia Mpimaji asianze kuona mambo. Watu wengi hutoka kwenye ukungu ule wamenyamaza, alisema, na wengine huchukua wiki kadhaa. Lakini wakati wa kurudi hakugawa namba.

Kijitoni, juu ya lile gogo la fisi maji, Mpimaji aliona daftari la ndege. Lilikuwa limefunikwa na jiwe lisipeperuke. Chiriku alisema lilimdondoka jana. Mtu akidondosha daftari haliwekei jiwe, Mpimaji akawaza, lakini akalitia kwenye koti bila kusema neno. Alilifungua walipofika barabarani, nyuma ya gari, akijifanya anafunga kamba za mzigo. Mwandiko ulikuwa wa Chiriku, herufi zinazolala kushoto. Mstari wa mwisho ulisema hivi:

Saa 1:40. Korongo wawili. Ukungu bado. Nimetulia hapa kama nilivyofundishwa. Dada hajaja.

Saa moja na dakika arobaini. Mlango ulikuwa umeshafungwa zaidi ya nusu saa. Ni kweli saa ya Chiriku ilikimbia. Aliisogeza mbele mwenyewe ili asichelewe kazini, siku nyingine robo saa, siku nyingine nusu, na alisahau ameisogeza mara ngapi. Huenda aliandika wakati ule ule ukungu ulipoingia, kabla hajawafikia. Mpimaji alipiga hesabu hiyo njia nzima, na kila mara zilikosekana dakika chache ili itimie. Fimbo, aliposhuka kwenye njia ya kwake, alimsogelea dirishani.

"Ukiwa na shaka, rudi kabla mwezi haujaisha," alisema. "Umpe namba yako mwenyewe, atakuja. Mwezi ukipita anazoea kule."

Siku zikaenda. Ofisini walimsifu Chiriku kwa hesabu safi, bosi akampa ajira, na mpwa akabaki kwao. Nyumbani alifagia, akafua, akachota maji bila kuambiwa. Majirani walimpongeza mama kwamba mtoto ametulia, amekua. Mpimaji alikuwa anamvizia. Alimvizia akila, akilala, akichana nywele, akitafuta kosa moja tu, na hakuliona, na kutoliona huko kukamkosesha usingizi. Hakuna mtu asiyekosea, hata mmoja, kwa siku ishirini na tisa.

Siku ya ishirini na tisa ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele kwenye sinia, na kutoka sebuleni ulisikika ufagio, shaa, shaa, shaa. Mpimaji akaingia, akarudishia mlango. Akasimulia yote kwa kunong'ona, hata lile la kubana sauti, na lilikuwa gumu kulisema kuliko yote mengine. Kisha akampa mama lile daftari. Mama akalishika mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani, akasoma mstari wa mwisho, akausoma tena. Akaufuta uso wake kwa pindo la kanga.

Halafu akalitia daftari jikoni, kwenye moto.

"Mama!"

"Taratibu," alisema mama. "Unadhani sijui? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilijua alipovuka kizingiti tu."

Mpimaji akauliza kwa nini basi hakusema.

"Niseme nipate nini? Nilizaa wawili. Nikilala nahesabu wawili, nikiamka nahesabu wawili. Wewe ukaniondolee mmoja kwa sababu ya maandishi?"

Mpimaji akapiga magoti kando ya sinia. Alimwambia mama kwamba yule wa kule bado anangoja. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Fimbo amekubali kumvusha, atasimama pale kijitoni, atampa namba yake mwenyewe, mbili, na Chiriku atakuja nayo, yule anayelalamika, yule wa kweli. Yeye mwenyewe atakuwa na nini, hakujua, wala Fimbo hakumwambia. Hakujali. Alisema ametulia, mama. Umeona alivyoandika? Ametulia hapo hapo kama alivyofundishwa.

Mama akamshika vifundo vya mikono. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la mchele.

"Ukienda kumtafuta yule," alinong'ona, "huyu atajua."

Sebuleni, ufagio ukaacha kufagia.

Hakukuwa na hatua. Hakukuwa na pumzi. Punje moja ya mchele ilidondoka kutoka kwenye sinia, wote wawili wakaisikia. Chini ya mlango, pale mwanga wa sebule ulipokuwa unapita, palikuwa na miguu miwili imesimama, na sakafu iliyoizunguka ilikuwa imelowa. Mama alimkazia Mpimaji macho, na Mpimaji hakuwahi kumwona mama yake akiomba kitu kwa macho namna ile, hata siku walipomzika baba.

Akafikiria gogo. Akafikiria mtu aliyekaa juu yake kwa siku ishirini na tisa, buti limejaa maji, akihesabu korongo.

"Siendi popote, mama," akasema kwa sauti, sauti ya kusikika mpaka nje. "Kesho napumzika."

Hiyo ilikuwa mara ya pili kumwacha mdogo wake, na safari hii hakukuwa na ukungu wa kuusingizia. Alilia pale pale, uso kwenye mapaja ya mama, akiuma kanga ili asisikike.

Sebuleni, ufagio ukaanza tena.